Chanzo cha Hofu ya Pilato

Mimi sipendi kazi za nyumba zenye msiba. Mbwa wa msiba hana shida, shida ni watu wake. Kila mmoja ana maelezo yake, na mwenye maelezo ya kweli, yaani mbwa, hakuna anayemuuliza. Ndiyo maana Sifueli Mbwambo aliponifungulia geti Jumatatu ile, nikaanza kwa kumkata maneno.

"Pole kwa msiba. Mbwa yuko wapi?"

"Yuko jikoni na Mama. Leo siku ya tisa hajala kitu cha maana."

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, mhandisi wa maji huko Dodoma, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Mkononi alishika ile karatasi nyekundu. Sikuwa na haja ya kuisoma. Miaka kumi na minne natengeneza kola za kutuliza wanyama, karatasi nyekundu nazijua kama ninavyoijua kadi ya kliniki.

Wageni wa mji wetu huwa wanaishangaa. Tangu joto la tambarare lilipowapandisha watu huku mlimani Upare, nyumba zimebanana, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na kila kona pana nguzo ya kusikiliza kelele. Mbwa akilia zaidi ya dakika ishirini kwa siku tatu mfululizo, mnaletewa karatasi hiyo nyekundu, Amri ya Utulivu. Siku kumi na nne mumtulize. Mkishindwa linakuja gari la kijivu, na mbwa aliyepanda gari lile mimi sijawahi kumwona akirudi.

"Zimebaki siku nne," Sifueli akasema. "Wanakuja Ijumaa asubuhi."

"Na siku kumi zote mlikuwa mnangoja nini?"

"Tulidhani itapita, dada. Ni majonzi tu. Baba amefariki miezi mitatu sasa, na huyu alikuwa mbwa wake. Kila jioni, saa ile Baba alipokuwa akirudi, anaanza kutetemeka, analia, anajikojolea. Anamngoja." Akaikunja karatasi. "Nimezoea kusikia kwamba mbwa hasahau. Sasa nimeona kwa macho yangu."

Pilato alikuwa chini ya meza ya jikoni. Mbwa mkubwa mweusi, mbavu zinahesabika, masikio yamelala. Pembeni mwa jiko palitandikwa koti la marehemu, la kijivu, zito. Sifueli akanieleza kwamba siku ya kuanua matanga, nguo za mzee zilipogawiwa, kila ndugu alipata chake, na ukoo ukaona Pilato naye ni wa nyumbani, apewe koti alalie. Watu walilia siku ile. Ila Pilato mwenyewe alikuwa amelala kwenye saruji tupu, amelipa koti mgongo.

Nikaliona hilo, nikaliacha hapo. Nilidhani ni joto la jiko.

Mama Sifueli alikuwa anakoroga makande. Mwanamke mwembamba, kanga mbili, sauti ya chini.

"Karibu, mwanangu. Kaa, utakula."

"Ahsante, mama. Nikimaliza kazi."

"Kazi haiishi. Kaa."

Nikakaa. Nina ulimi mkali, mtaa mzima unajua, lakini kwa makande siwezi kubishana na mtu.

*

Kola ninazofunga mimi ni utepe mwembamba kama wa saa ya mkononi. Ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni pua. Kola inanusa kila anachonusa mbwa na kuandika ni harufu gani, imefika saa ngapi, na moyo wake ulifanya nini ilipofika. Baada ya siku mbili tatu unajua nini hasa kinachomtisha. Mmoja anaogopa baruti za harusi, mwingine petroli, mwingine mvua ya radi kabla haijafika. La pili ni lango. Ukishakijua chanzo, unaiambia kola ilifunge. Kuanzia hapo, harufu ile ikiingia puani, kola inagusa mshipa wa shingo na habari haifiki kichwani. Haimuumizi. Kwa mbwa ni kama kitu kile hakipo duniani.

Watu wanapenda sana hiyo sehemu ya pili. Ya kwanza inawachosha.

Nikamvalisha Pilato kola, nikachukua pamba tatu, nikampangusa kiganja Mama, nikampangusa Sifueli, nikajipangusa mwenyewe, ili kola ijue harufu za waliomo ndani na kutoa namba kwa kila mmoja. Kisha nikala, nikangoja jioni.

Ilipokaribia saa kumi na moja, Sifueli alitoka kwenda kuosha gari. Mimi nikabaki mezani. Mama akafuta meza. Ilikuwa safi. Akaipunguza sauti ya redio, akageuza kikombe kimoja kishikio chake kiangalie mlangoni, akafuta meza tena. Pilato akainuka, akaja kusimama karibu na miguu yake, na mtetemo ukaanza kwenye mapaja ukapanda mpaka masikioni. Kisha akaanza kulia. Si kubweka, ni ule mlio mwembamba unaotoka puani, unaoingia kwenye meno ya mtu.

Saa kumi na moja na nusu kamili nikasikia hatua barazani. Hatua za mwanamume mzito, viatu vya ngozi. Akakohoa mara mbili. Kitu kikatua sakafuni, pu.

Niligeuka kuangalia mlango. Hakuna mtu.

Pilato alikuwa amejikojolea. Mama alikuwa ameshachukua tambara.

Sifueli akaingia akitabasamu, mikono bado ina povu. "Umesikia? Ni hatua za Baba. Nimezitoa kwenye kamera ya mlangoni, kumbukumbu za miaka miwili. Nikatafuta zilizo safi, nikaunganisha na spika ya barazani. Kila siku saa ile ile. Nilisema angalau Pilato asijione mpweke. Na Mama pia."

Nywele zilinisimama, sitaki kudanganya. "Na Mama anasemaje?"

"Mama anashukuru."

"Nashukuru," Mama akasema, amepiga magoti, anakausha sakafu.

*

Jumanne asubuhi nilikaa karakanani na kishikwambi changu nikasoma kola ilichoandika. Moyo wa Pilato ulianza kukimbia saa kumi na moja na dakika kumi na sita. Hatua za marehemu zilisikika saa kumi na moja na nusu. Karibu robo saa kabla. Basi si hatua.

Dakika mbili kabla ya moyo kukimbia, saa kumi na moja na kumi na nne, kola ilikuwa imenusa kitu. Ikakiandika kwa rangi ya njano, rangi ambayo sisi mafundi tunaifahamu na wateja hatuwaambii mpaka watuulize: jasho la hofu. Jasho la mtu anayefanya kazi lina harufu yake, na jasho la mtu anayeogopa lina yake. Mbwa anazitenganisha kama wewe unavyotenganisha chumvi na sukari. Namba iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya Mama.

Nikajiambia, Nakunda, usikimbilie. Siku moja si ushahidi.

Jioni ile nikamwambia Sifueli azime spika na kuliondoa koti. Alisikitika lakini akakubali. Nyumba ikawa kimya kabisa. Saa kumi na moja na kumi na nne, njano. Na kumi na sita, Pilato anatetemeka.

Jumatano nikamwomba Sifueli ampeleke mama yake kumsalimia dada yake kule chini, wasirudi kabla ya saa moja. Nikabaki na mbwa peke yetu. Saa kumi na moja na kumi na nne ikafika. Pilato alikuwa amelala chali, miguu hewani, anakoroma. Saa kumi na mbili akaamka, akala bakuli zima la makande, akaniangalia kama ananiuliza hakuna mengine.

Nilipaswa kufurahi. Chanzo nimekipata, dawa ninayo, na nimebakiwa na siku moja. Badala yake nilikaa pale na bakuli tupu mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba mbwa huyu hakumngoja mtu. Alikuwa anaogopa pamoja na mtu.

*

Alhamisi asubuhi Sifueli alikwenda ofisi ya mtaa kuomba waongezewe muda. Nilijua hatapewa. Mimi nikaenda kwa Mama. Nilimkuta uani anachambua maharage, Pilato kamlalia mguuni.

Nikamwonyesha kishikwambi. Sikuzunguka. Nikamweleza njano ni nini, na namba ile ni ya nani. Akaangalia muda mrefu, kisha akarudi kwenye maharage yake.

"Mwalimu hakunipiga," akasema; mumewe alimwita kwa kazi yake. "Kama utaandika kitu, anza na hilo. Hakuniinulia mkono hata siku moja."

"Sijaandika kitu, mama."

"Alikuwa akirudi na mkoba wake. Akiuweka kwenye kiti, siku hiyo nyumba ni nyumba. Atauliza habari, atacheka. Akiuweka chini, basi. Hasemi. Siku tatu, wiki. Mara moja ilikuwa siku arobaini na mbili. Nampikia, nampakulia, nazungumza peke yangu kama mwehu. Na kosa hakwambii. Ukiuliza umeongeza la pili. Anaongea na mbwa. 'Pilato, mwambie mwenye nyumba chumvi imezidi.' Na huyu maskini anatazama huku na huku, hajui afuate nani."

Akatupa harage bovu pembeni.

"Miaka thelathini na moja nimesikiliza mkoba unavyotua. Sasa mwenye mkoba kafa, lakini mwili haujapata habari. Ikifika saa ile unajiandaa wenyewe."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mtu niliyemwona kwenye picha ya mazishi tu, tai imekaa sawa. "Sasa kwa nini hukumwambia Sifueli azime ile spika? Kila jioni unasikia mkoba unatua chini!"

"Ningemwambiaje? Mwanangu, mzime baba yako?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Ulikuwapo mazishini? Hukuwapo. Kanisa lilijaa mpaka nje. Wanafunzi wake wa miaka ya nyuma walilia kama watoto. Na hawakudanganya, aliwafundisha kweli, aliwalipia wengine ada. Mimi nisimame niseme nini? Marehemu hasemwi vibaya. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliona bora waendelee kuona shuka."

Nikamweleza njia zilizopo, maana muda ulikuwa unakwenda.

Njia ya kwanza ni nyepesi. Nifunge lango kwa jasho lake la hofu. Pilato atatulia leo hii. Kwenye Cheti cha Utulivu, pale penye chanzo, nitaandika huzuni ya kufiwa. Cheti lazima kibandikwe getini siku thelathini, ili majirani waliolalamika wasome wajue tatizo lilikuwa nini na limetatuliwaje. Watasoma huzuni, watasema maskini, yataisha.

"Na akifungwa, atanijua?"

"Asubuhi atakujua. Mchana atakujua. Ukiogopa, hapana. Saa ile utakuwa mgeni kwake. Atapita karibu yako kama anapita karibu na kiti."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Pilato alihema.

"Kila jioni nikitetemeka," akasema, "huyu alikuwa anakuja kusimama hapa, kwenye miguu yangu. Hakuna mwingine aliyejua. Hata mimi mwenyewe nilikuwa najifanya sijui." Akamkuna mbwa kichwani. "Mfunge, mwanangu. Mbwa asife kwa ajili yangu."

Nilitoa kifaa changu cha kufungia lango. Naapa nilikitoa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na nikamkumbuka mzee mmoja wa bondeni, miaka sita iliyopita. Mbwa wake alikuwa akilia kila mzee anapokaa kitini baada ya chakula cha mchana. Kola ikanipa harufu, sikuijua ni ya nini, nikaifunga, nikalipwa, wakanishukuru. Wiki ya nne mzee akakutwa kwenye kiti kile kile, sukari imeshuka, ameshapoa. Mbwa alikuwa amelala juu ya miguu yake, katulia kabisa. Cheti changu bado kilikuwa kwenye mlango. Hakuna aliyenilaumu. Sheria inasema fundi anatibu mnyama, habari za binadamu hazimhusu.

Nikarudisha kifaa kwenye mfuko.

"Kuna njia ya pili, mama. Ni halali, ila watu hawaichukui. Cheti kinaweza kuandikwa kwamba chanzo ni hofu ya binadamu wa nyumba hiyo. Mkiandika hivyo, mnapewa siku tisini. Gari haliji. Wewe utakwenda kuzungumza na mtaalamu pale kituo cha afya mara moja kwa wiki, na mbwa anabaki kama alivyo. Ukitulia wewe, atatulia yeye."

"Na kinabandikwa getini."

"Kinabandikwa. Na lazima mkuu wa kaya atie sahihi."

Mkuu wa kaya, tangu mazishi, alikuwa Sifueli. Mama aliinua uso akanitazama kwa mara ya kwanza bila ule upole wake.

"Unajua unachoniomba? Yule mtoto amebakiwa na baba wa kwenye picha tu. Unataka nimnyang'anye na huyo."

"Sikuombi, mama. Nakwambia iliyopo."

"Rudi jioni," akasema. "Saa kumi na moja."

*

Nilifika kasoro dakika tano. Sifueli alikuwa jikoni, amesimama kwa kuegemea friji, funguo za gari mkononi. Kama nilivyobashiri, muda hakuongezewa. Mama alikuwa mezani, mikono ameiweka juu ya meza kama mtu aliyeitwa shaurini. Mbele yake palikuwa na cheti nilichomwachia, nimekijaza kila sehemu isipokuwa sahihi. Chanzo: hofu ya binadamu. Idadi ya watu: mmoja.

Akamwambia. Alimwambia kwa maneno yale yale aliyoniambia mimi, kuanzia kwamba hakupigwa. Sauti haikupanda. Alipofika kwenye siku arobaini na mbili, Sifueli akamkatiza.

"Mama, Baba alikuwa anafikiri. Alikuwa mtu wa hesabu, ana mambo kichwani. Hakupenda kelele, basi. Si dhambi."

"Alifikiri siku arobaini na mbili?"

"Hakukupigia hata kelele! Mimi nimekulia humu humu, ningeona." Akanigeukia mimi. "Ni wewe uliyemwingizia haya. Dada, mimi nafanya kazi na vihisi kila siku ya maisha yangu. Kihisi kinaweza kudanganya. Umemchukua mama mfiwa, mzee, una kidude chako cha rangi, unamwambia alikuwa anamwogopa mumewe."

"Nimemwonyesha tu," nikasema. "Maneno ni yake."

"Basi mimi sitii sahihi. Funga lango, andika huzuni, twende. Kesho wanakuja kumchukua mbwa wa Baba na nyinyi mnakaa hapa mnamsema mtu ambaye hawezi kujibu."

Mama aliposikia hilo akafumba macho. Nikaona anakata tamaa, nikaona yale maneno yote aliyoyafungua yanarudi ndani moja moja. "Haya," akasema. "Haya, mwanangu. Kama unavyosema. Fundi, mfunge."

Nilitazama saa ukutani kwa sababu sikutaka kuwatazama wao. Saa kumi na moja na dakika kumi na nne.

Pilato alitoka chini ya meza. Nilijua atakwenda kwenye miguu ya Mama, kama siku zote, na alianza hivyo. Akasimama pale, kichwa chini, mtetemo umeshaanza mapajani. Kisha akainua pua. Akageuka upande wa friji, akageuka tena kwa Mama, akawa anayumba katikati yao kama asiyejua afuate nani. Halafu akaondoka kwa Mama. Akavuka jikoni polepole, kucha zinagonga sakafu, akaenda akajibana kwenye magoti ya Sifueli na ubavu wake wote, akaanza kulia.

Kishikwambi kikalia mfukoni mwangu. Nikakitoa. Njano mbili. Namba ya Mama, na namba nyingine. Wiki nzima saa hiyo Sifueli alikuwa nje anaosha gari, au njiani, au barazani anahangaika na spika yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amesimama ndani.

"Mbona ananijia mimi?" akauliza.

Nilitaka kumjibu, nina tabia hiyo, lakini Mama alinikazia macho.

"Ni joto tu," Sifueli akasema. "Jiko linawaka."

Jiko lilikuwa limezimwa tangu saa tisa. Akatazama mkono wake ulioshika funguo. Zilikuwa zinagongana, zinatoa mlio mdogo. Akaziweka juu ya friji, na mkono ukaendelea peke yake bila funguo.

Pilato alizidi kujibana kwake mpaka mwanamume yule mzima akalazimika kushuka chini, akakaa sakafuni na shati lake la pasi, mgongo kwenye friji. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mbwa. Wote wawili wanatetemeka, huwezi kujua nani anamtetemesha mwenzake.

"Nilikuwa nasomea juu ya tangi la maji," akasema, akiongea na mbwa. "Kila jioni. Mvua ikinyesha najifunika turubai. Watu wakiniuliza, nasema napenda upepo." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Nilikuwa naweza kumwona akipanda njia. Nasikiliza kwanza ndani kukoje, ndipo nashuka."

"Najua," Mama akasema. "Nilikuwa nakuwekea chai kwenye chupa."

"Nilidhani ni mimi tu. Nilidhani mimi ndiye nina kasoro. Wewe ulikuwa unacheka na wageni, unampakulia Baba, huonyeshi kitu."

"Na mimi nilidhani wewe hujui."

Sikuwa na kazi pale. Nilitamani kutoka, ila mlango ulikuwa ubavuni mwa Sifueli, na ukweli ni kwamba nilikuwa nalia, na sikutaka watu wa barabarani wanione.

Sifueli akanyoosha mkono juu. "Nipe hiyo karatasi, dada."

Nikampa, na kalamu. Akaiweka juu ya goti, Pilato akaisukuma kwa pua, akamzuia kwa kiwiko. Akasoma kila mstari, kama mhandisi. Kisha akasimama kwenye mstari mmoja.

"Hapa kuna kosa," akasema.

Nikakaribia kutazama. Alikuwa amekata neno "mmoja". Juu yake, kwa mwandiko unaorukaruka, akaandika "wawili". Ndipo akatia sahihi.

"Majirani watasoma," Mama akasema.

"Wasome."

Mama akasukuma kiti, akaja akakaa sakafuni upande wa pili wa mbwa, magoti yake yakilia. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya jiko la watu na cheti kinakauka wino mkononi. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea kumi na moja na nusu. Spika ilikuwa imezimwa, nilihakikisha mwenyewe, lakini sote watatu tukawa tumegeukia mlango, hata mimi nisiyemjua mtu yule. Pilato naye. Tukasikiliza. Mshale ukafika kwenye nusu, ukakaa, ukapita.

Hakuna aliyeingia.